Meza ya Kazi Nyumbani



Katika kurasa hizi za Kiswahili tumezoea kusoma habari za mpira, za kwaya, za mabweni na za safari. Habari hizo ni njema, nami huzisoma kwa furaha. Lakini leo naomba nafasi niseme juu ya jambo ambalo wengi wetu hulidharau, nalo ni meza ya kazi nyumbani: yaani mahali padogo ambapo mwanafunzi aweza kupima, kufungua, kutengeneza na kuunda vitu vya umeme mdogo, kama vile redio, taa za jua, chaja na kengele. Maoni yangu ni haya: kila mwanafunzi wa sayansi yafaa awe na meza ya namna hiyo kwao, na shule yetu pamoja na wanafunzi wa zamani wana njia nyepesi ya kumsaidia aipate.

Kwanza nitazame hali yetu. Uganda si nchi isiyojua umeme. Bwawa la Owen Falls pale Jinja, ambalo leo laitwa Nalubaale, lilifunguliwa mwaka 1954. Bwawa la Karuma, lenye nguvu za megawati 600, lilizinduliwa mwaka 2024. Nyaya zapita juu ya vichwa vyetu, na hata vijijini ambako nyaya hazijafika, paa nyingi zina kioo cha jua. Lakini redio ikinyamaza nyumbani, mwanafunzi wa kidato cha sita mwenye alama nzuri za fizikia huishika, huitikisa, huipiga kofi, kisha huipeleka kwa fundi kama afanyavyo mtu ambaye hakuona mlango wa shule. Basi nauliza: ile fizikia ilikwenda wapi? Kanuni ya Ohm twaijua kama tujuavyo majina yetu, lakini wengi wetu hatujaonana nayo uso kwa uso.

Sisemi haya kuwalaumu walimu. Wanafunzi arobaini wakiizunguka mita moja kwa dakika themanini, yule aliye nyuma huona migongo ya wenzake tu, na kengele ikilia kila kitu hurudishwa kabatini na kufuli hufungwa. Mwalimu afanye nini? Sisi tulioingia kidato cha kwanza mwaka 2020 ndio wa kwanza kuufuata mtaala mpya, ambao wataka mwanafunzi atende, afanye miradi, wala asikariri tu. Lakini mwaka ule ule, mwezi wa Machi, shule zote zilifungwa kwa ajili ya ugonjwa wa Korona, nazo hazikufunguliwa kikamilifu mpaka Januari 2022. Mtaala mpya ulibaki upande mmoja wa kufuli, na sisi upande wa pili. Aliyekuwa na meza kwao aliendelea kujifunza. Asiyekuwa nayo alikaa akingoja. Tangu siku hizo nashika neno hili: elimu iliyo ndani ya kabati la shule ni mali ya shule, bali ile iliyo mezani kwako ni mali yako.

Tena mfano tunao karibu. Katika nchi ya Malawi, wakati wa njaa ya mwaka 2001 na 2002, kijana William Kamkwamba aliacha shule kwa kukosa karo. Akawa anakwenda kuazima vitabu katika maktaba ndogo ya shule ya msingi, na kwa msaada wa kitabu kimoja chenye picha za vinu vya upepo, akaunda kinu chake kwa feni ya trekta, baiskeli kuukuu, dainamo na magogo ya miti. Kinu kile kiliwasha taa nyumbani kwao. Watu husema, “Yule alikuwa na akili za ajabu.” Akili alikuwa nazo, sikatai. Lakini tazameni vizuri mtamwona pia na mambo mengine matatu: kitabu cha kuazima, vitu vilivyotupwa na wengine, na mahali pa kufanyia kazi pasipo mtu wa kumfukuza. Mambo hayo matatu si ya ajabu hata kidogo. Sisi nasi twaweza kuyapata.

Hata katika nchi za mbali ilikuwa hivyo hivyo. Michael Faraday wa Uingereza, ambaye mwaka 1831 alivumbua njia ya kupata umeme kwa mwendo wa sumaku, alianza kama kijana mwanagenzi wa kujalidi vitabu. Alisoma vitabu alivyopewa kuvishona, na akavijaribu vile alivyosoma kwa vyombo vidogo alivyojitengenezea mwenyewe. Mitambo yote ya Nalubaale na Karuma yazunguka kwa kanuni ya mtu aliyeanzia kwenye meza ya karakana ya vitabu.

Sasa mtaniuliza, “Meza hiyo iwe namna gani? Nani ana fedha?” Wengi hudhani kwamba ni lazima kununua vyombo vingi vya kung’aa. La. Nitaeleza kwa utaratibu niliouona kuwa ni bora.

Mahali penyewe ni jambo la kwanza. Mlango wa zamani ulioegemezwa juu ya vigogo viwili watosha, ukiwa na urefu wa sentimita 120 na upana wa 60. Uwe wa mbao, usiwe wa bati, maana bati hupitisha umeme na kuunganisha nyaya zisizotakiwa kuungana. Pigilia ubao mwembamba pembezoni ili misumari na resista zisibingirike zikapotea sakafuni. Iweke karibu na dirisha, upate mwanga na moshi upate njia ya kutoka. Iwe mbali na godoro, na pazia, na jiko la mafuta ya taa. Kama nyumba yenu ina chumba kimoja, usikate tamaa: ubao mmoja mpana uwezao kusimamishwa nyuma ya mlango baada ya kazi ni meza kamili.

Chombo cha kwanza kununua ni multimita, ile ambayo mafundi wetu huiita tesita. Hapa ndipo wengi hupotea. Kijana akipata fedha kidogo hukimbilia kununua chuma cha kulehemu, kwa sababu apenda kuona moshi na risasi ikiyeyuka. Huyo ni kama mganga anunuaye kisu kabla ya kujifunza kupima homa. Atachoma na kuchomoa, lakini hajui ugonjwa. Multimita ya kawaida haizidi bei ya jogoo mkubwa sokoni, nayo hupima volti, mkondo na ukinzani, na huonyesha kama waya umekatika ndani ya ngozi yake. Ina amri zake, nazo ni tatu. Usipime ukinzani katika kitu ambacho umeme ungali unapita. Usipojua ukubwa wa volti, anzia kipimo cha juu kabisa kisha ushuke. Na ukimaliza kupima mkondo, rudisha waya mwekundu katika tundu la volti, la sivyo siku nyingine utaunguza fyuzi ya ndani au zaidi ya hiyo.

Nitoe mfano mmoja wa kazi ya mita. Chukua betri nne za volti moja na nusu, zilizochoka kidogo. Ukizipima zenyewe, mita yaweza kukuambia volti 6 kamili, nawe utasema ni nzima. Sasa ziunge na resista ya omu 10, upime tena: huenda volti zimeshuka mpaka 4. Mkondo ni 4 kugawa kwa 10, yaani ampea 0.4. Volti 2 zimepotea ndani ya betri zenyewe; 2 kugawa kwa 0.4 ni omu 5. Huo ndio ukinzani wa ndani, ambao katika mtihani hutupiwa kama mfupa mgumu. Mtu aliyeupima kwa mkono wake hausahau, wala hahitaji kuukariri usiku wa kuamkia mtihani.

Baada ya mita, umeme wa kutumia. Nawasihi wadogo zangu: msianze na umeme wa ukutani. Volti 240 hazina mzaha, na hazimpi mwanafunzi nafasi ya pili. Tumia betri ya volti 12, iliyojazwa kwa kioo cha jua au kwa chaja yake. Walakini hata betri hiyo isidharauliwe. Haikurushi, lakini nyaya zake zikigusana hutoa mkondo mkubwa wa kuweza kuufanya waya mwembamba uwe mwekundu na kuwasha moto. Kwa hiyo weka fyuzi ya ampea moja karibu kabisa na betri. Kisha ongeza kitu kingine ambacho mimi hukiita balbu mlinzi. Chukua balbu ndogo ya pikipiki, ya volti 12 na wati 10, uiunge kwa mfuatano kati ya betri na kitu unachokijaribu. Kikiwa kizima na kinatumia mkondo mdogo, balbu itabaki giza au itawaka kwa kufifia. Kikiwa na nyaya zilizogusana, balbu itawaka yote, na mkondo hautazidi ampea 0.8 au karibu yake. Hakuna kitakachoungua. Balbu ya bodaboda yakulinda wewe, na mita yako, na nyumba ya baba yako.

Ndipo sasa ununue chuma cha kulehemu, cha wati 30 au 40, si kile kikubwa cha kuzibia ndoo. Kitengenezee kiti cha waya mnene uliopindwa, kisilale juu ya meza hata mara moja. Lehemu iliyochanganywa bati na risasi, yenye bati sehemu 60 katika 100, huyeyuka kwenye nyuzi za joto karibu 183 hadi 190. Lehemu isiyo na risasi hutaka joto zaidi, zaidi ya 215. Siri ya kulehemu ni moja: pasha joto kiungo, si lehemu. Kiungo kikipata joto, lehemu hutiririka yenyewe na kung’aa, na kazi yote ni sekunde mbili tatu. Ukidondosha lehemu juu ya kiungo baridi, itakaa kama tone la nta, itakudanganya leo na kesho itaachia. Fungua dirisha, usiuvute moshi, usile chakula mezani hapo, na ukimaliza unawe mikono kwa sabuni, maana risasi ni sumu iingiayo polepole.

Vitu vidogo vya kuundia visikusumbue. Redio zilizokufa, chaja zilizotupwa na vinyago vya watoto vimejaa resista, kapasita, transista na spika. Vitenge, uvipime, uvitie katika makopo ya maziwa, uandike juu kilichomo. Lakini yako ambayo sitaki kijana ayafungue: televisheni za zamani zenye kioo kinene, na majiko ya umeme ya maikrowevu, kwa sababu ndani yake hukaa umeme wa kuua hata baada ya kuchomoa plagi. Hata chaja ndogo, kapasita yake kubwa huweza kujaa mpaka volti 340 hivi. Iache ipumzike, uipime kwa mita kabla ya kuigusa. Na betri ya simu iliyovimba usiitoboe wala usiiponde. Hiyo ni moto uliolala.

Mwisho weka daftari. Kila kitu ulichopima, kiandike pamoja na tarehe. Fundi asiye na daftari huanza upya kila siku.

Kazi za kuanzia ziwe ndogo na zenye faida. Washa taa ndogo ya LED kwa betri ya volti 12 kupitia resista ya omu 1,000, ukokotoe mwenyewe kwa nini mkondo ni karibu sehemu moja ya mia ya ampea. Halafu unda kengele ya tangi la mvua: misumari miwili juu ya tangi, transista moja, resista, na kengele ndogo. Maji yakifika kwenye misumari, hupitisha mkondo mdogo mno. Transista huupokea na kufungua njia kwa mkondo mkubwa zaidi, kengele ikalia. Mama hatatoka tena usiku kutazama kama tangi limejaa. Siku atakapoisikia kengele hiyo, hatakuuliza tena kwa nini wachezea nyaya.

Najua yapo maneno ya kupinga, nami sitayakimbia.

Wazazi husema, “Mwanangu ataacha kusoma.” Hofu hiyo ni ya haki, kwa kuwa karo ni nzito. Lakini hesabu ya betri niliyoionyesha hapo juu ni somo la mtihani, si mchezo. Tuweke saa: Jumamosi alasiri, baada ya kazi za nyumbani. Kitu chenye saa yake hakimezi saa za wengine.

Wengine husema, “Siku hizi vitu vipya ni rahisi, kutengeneza ni kupoteza wakati.” Bibi yangu mzaa mama alikuwa na redio yake ndogo ambayo ni saa yake, gazeti lake na mwenziwe wa jioni. Iliponyamaza, fundi mmoja, ambaye simtaji, alisema imeharibika kabisa na anunue nyingine. Mita ilionyesha kuwa betri ni nzima lakini volti haziingii ndani. Springi ya betri ilikuwa imeshika kutu. Kipande cha karatasi ya msasa kiliirudisha sauti. Kwa mwenye mshahara, redio mpya ni rahisi. Kwa mama mzee anayeuza ndizi, si rahisi hata kidogo. Anayesema vitu ni rahisi hana budi aseme ni rahisi kwa nani.

Wako pia wasemao, “Simu yafundisha yote, picha zake zaonyesha kila kitu.” Picha husaidia, nami huzitazama. Lakini hakuna aliyejua kuogelea kwa kumtazama mwogeleaji. Mafundi wa Katwe kule Kampala, ambao sifa ya ustadi wao yajulikana nchi nzima, hawakupata mikono yao kwa kutazama tu.

Na wengine hudhani kazi hii ni ya wavulana. Dada yangu mdogo hulehemu viungo safi kuliko vyangu, kwa sababu mkono wake umetulia. Atakayemfukuza msichana mezani amejifukuzia fundi mzuri.

Sasa ombi langu kwa shule na kwa ndugu zetu waliotangulia. Mara nyingi wanafunzi wa zamani wakitaka kutukumbuka, hufikiri juu ya kitu kikubwa: mtambo mmoja wa thamani, wenye kibao cha jina ukutani. Twawashukuru, tena kwa moyo. Lakini mtambo mmoja hauwezi kwenda likizo na wanafunzi arobaini. Mimi napendekeza masanduku ya kuazima. Kila sanduku liwe na multimita moja, chuma kidogo cha kulehemu na kiti chake, lehemu, koleo, bisibisi mbili, fyuzi, balbu mlinzi, na karatasi moja yenye amri za usalama kwa Kiswahili chepesi. Yakae maktaba kama vitabu. Mwanafunzi ayaazime siku ya kufunga shule, atie sahihi mbele ya mkutubi, na alirudishe sanduku siku ya kufungua pamoja na daftari lenye kazi tatu alizozifanya. Asiyerudisha kitu, akilipe. Asiyeleta daftari, asipewe tena. Masanduku matano ya kwanza yatatosha kutuonyesha kama jambo hili lina miguu.

Na msiotaka kutoa fedha, msitupe redio zenu mbovu. Tuleteeni. Kilicho takataka kwenu ni maabara kwetu.

Mimi mwaka huu namaliza, sanduku hilo huenda nisiliazime hata mara moja. Lakini nawafikiria wadogo zangu wa kidato cha kwanza. Ikitokea tena siku ya kufunga milango ya shule, kwa ugonjwa au kwa sababu nyingine yoyote, ningependa isiwakute kama ilivyowakuta wengi wetu, mikono mitupu, wakihesabu miezi. Kijana aliyekosa karo naye, kama yule wa Malawi, asikose pia mita. Wahenga walisema, mtaka cha mvunguni sharti ainame. Sisi tu tayari kuinama. Twaomba tu mvungu huo usifungwe kwa kufuli.

Ndimi,
Mwanafunzi wa Kidato cha Sita